MacHaria wa Murang'a

Jina langu ni Macharia. Ukilitaja kwa sauti pale sokoni Maragua watageuka wanaume sita, na mmoja wao anadaiwa. Nilipewa jina hilo kwa kumrithi babu mzaa mama, maana kwetu Wakikuyu mtoto wa pili wa kiume huitwa kwa babu wa upande huo, ndiyo sababu mama yangu mpaka leo huniita "baba", hata akiwa ananigombeza. Kwa hiyo jina langu halimwambii mtu lolote kuhusu ukoo wangu. Ukoo wangu ni Ethaga, ambao wengine huuita Ambura, wale ambao wazee walisema wana mkono katika mambo ya mvua. Habari hiyo ya mvua iweke kando kidogo.

Sasa lichukue jina hilo ulipeleke Uskoti, nchi ambayo kila kona unakutana na Mac-huyu na Mac-yule. Fomu za huko hutaka uandike kwa herufi kubwa. MACHARIA. Yule wa mapokezi kwenye zahanati hulitazama, hulikata panapomfaa, kisha huita, "Bwana MacHaria!" Mimi husimama. Yeye hunipita kwa macho, akimtafuta mzee wa Kizungu mwenye masharubu mekundu aliyekaa nyuma yangu. Mwanzoni nilikuwa nasahihisha. Baadaye nikaacha, kwa sababu Bwana MacHaria akiandika barua pepe ya kutafuta nyumba ya kupanga Glasgow hujibiwa kabla chai haijapoa, na hukaribishwa kwa maneno matamu sana, mpaka afike mlangoni.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni fundi bomba, mzaliwa wa Glasgow, mtu wa watu. Ndiye aliyenipakia kwenye gari lake mwezi wa Agosti tukaenda Perthshire kutazama michezo ya Nyanda za Juu. Yeye mwenyewe mambo ya koo hayamsumbui. Nilipomuuliza njiani ni wa ukoo gani, alijibu, "Partick Thistle." Hiyo ni timu ya mpira. Nilidhani anatania, lakini nimekaa naye sana sasa na najua alikuwa anajibu swali.

Kama hujawahi kuiona michezo hiyo, ni hivi: wanaume wazito waliovaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, huinua gogo refu la mti, hulisimamisha wima mikononi, hukimbia nalo hatua kadhaa, kisha hulirusha lipinduke hewani. Mimi nilikuwa napima kwa macho nani amelifikisha mbali. Fundi bomba akanicheka. Umbali si kitu. Gogo linatakiwa lianguke kwa ncha ya juu, lipinduke, lilale limenyooka mbele ya mrushaji, pale mshale wa saa unapoonyesha 12. Upande mwingine wasichana wadogo wanacheza juu ya panga mbili zilizokingamana chini, na zumari za mifuko zinalia pande tatu, kila kundi na wimbo wake, hakuna anayemngoja mwenzake.

Ndipo mvua ikaja. Haikuwa yale manyunyu ambayo Waskoti hujifanya hawayaoni. Ilikuwa mvua ya masika yenyewe, ya kupiga chini ikaruka. Fundi bomba, ambaye nilishamsimulia habari za Ethaga, alinitazama huku maji yakimtiririka puani. "Ni wewe?" akauliza. Halafu akakimbilia hema la bia, ambalo lilikuwa limejaa wenyeji mpaka mlangoni.

Mimi nilikimbilia upande wa pili. Huko kulikuwa na safu ya mahema ya koo, kila moja na bango lake, meza yake na vipeperushi vyake, kama vibanda vya SACCO kwenye maonyesho ya kilimo pale Jamhuri. Niliingia lililokuwa karibu. Ukoo wenyewe sitautaja, kwa sababu chifu wao yuko hai na ananijua kwa sura, na kwa zaidi ya sura.

Nyuma ya meza alikaa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, daftari mbele yake. Nia yangu ilikuwa kujikinga tu. Lakini ukiingia hema la ukoo, hata kama unachuruzika maji, kwanza unaulizwa jina.

"Macharia," nikasema.

Waskoti wana kh kamili, ile ya kheri na Khadija. Jina langu lilimtoka kinywani limenenepa kuliko nilivyompa: "Makh-Haria!" Akageuka kumwita mzee aliyekuwa nyuma anakula biskuti za siagi. "Tumepata MacHaria!"

Kwa furaha ile ungedhani nilipotea vitani.

Yule mzee, mwalimu wa historia mstaafu, ndiye mtunza nasaba wao. Akapangusa mikono, akafungua kitabu. Hapa lazima nieleze kidogo, maana na mimi nilielezwa, na mvua ilikuwa haina haraka. Ukoo wa Kiskoti si jina moja. Chini ya jina la chifu kuna majina mengine kibao, ya familia zilizowahi kukaa kwenye ardhi yake, au kumkimbilia, au kumfanyia kazi. Na majina yenyewe yalikuwa yakihama. MacGregor walipigwa marufuku kutumia jina lao mwaka 1603 kwa amri ya mfalme, wakawa wanajificha ndani ya majina ya watu wengine, na marufuku hiyo haikufutwa kabisa mpaka 1774. Fraser nao, inasimuliwa, walikuwa wakijiongezea watu kwa kumpa gunia la unga wa oti kila aliyekubali kujiita Fraser. Kwa hiyo mtunza nasaba akikutana na jina asilolijua hashtuki. Hujiuliza tu ni nani aliyeliandika vibaya.

Kidole chake kilishuka kwenye orodha, kikasimama. Akanionyesha jina fulani lililokuwa limelingana na langu kwa herufi nne.

"Mzee," nikamwambia kwa heshima, "mimi natoka Kenya. Murang'a."

"Kenya!" Sasa mambo yote yalikuwa yamenyooka kichwani mwake. Waskoti wengi walikwenda Kenya. Wamisionari wao walianzia Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898, pale Thogoto. "Bila shaka mmoja wao..." Akasita. Akamtazama yule mama. Akaitazama biskuti.

Nikamwambia kwamba bibi yangu alikuwa mwanamke wa heshima zake, na kwamba babu Macharia alikuwa mweusi kuniliko.

"Hapana, hapana, sikuwa na maana hiyo..."

Uso wake ulikuwa umewiva, nikamhurumia. Nikamwambia kwamba hata hivyo kanisa letu nyumbani ni PCEA, lile lililozaliwa na misheni yao hiyo hiyo.

"Presbiteri!" akasema mama wa daftari, na akaandika. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha.

Nilijaribu mara ya mwisho. Nikasema wazi kwamba mimi na chifu wao hatuna damu hata tone. Mzee akatikisa kichwa kwa upole wa mwalimu aliyezoea darasa gumu. Damu si lazima, akasema. Yupo afisa Edinburgh anayeitwa Lord Lyon, msimamizi wa nembo zote za Uskoti, mwenye mahakama yake na mwendesha mashtaka wake kabisa, na msimamo wa ofisi hiyo ni huu: mwenye jina la chifu anahesabiwa mtu wa ukoo, na asiye nalo, akija kutoa utii wake kwa chifu, naye ni mtu wa ukoo, isipokuwa chifu mwenyewe amkatae. "Sasa wewe," akaniuliza, "unamtii chifu?"

Nikachungulia nje. Uwanja ulikuwa umegeuka bwawa.

Nikasema namtii.

Utii ulikuwa na ada ya mwaka, na mashine ya kadi ilikuwa tayari mezani, imefunikwa mfuko wa plastiki isilowe. Nikapewa risiti, biskuti, na beji ya kubandika kofiani: nembo ya chifu iliyozungushiwa mkanda wenye bizimu. Mkanda huo maana yake aliyevaa ni mfuasi tu. Nembo iliyo katikati ni mali ya chifu peke yake, kisheria. Yaani nilikuwa nimelipia kitu ambacho bado ni cha mwenyewe. Kofia waliyoniazima ilikuwa imechomekwa unyoya wa shakwe na mtoto fulani mtundu, na mzee aliung'oa upesi kabla mtu hajauona. Manyoya matatu ya tai ni ya chifu. Mawili ni ya kiongozi wa tawi. Moja ni la mtu mwenye nembo yake mwenyewe iliyoandikishwa. "Na wa shakwe?" nikauliza. Akasema huo ni wa shakwe.

Kadiri mvua ilivyoendelea ndivyo nilivyowatambua ndugu zangu wapya. Jambo lililonishangaza ni kwamba ndani ya hema lile Waskoti wa Uskoti walikuwa wachache. Kulikuwa na bibi na bwana kutoka Nova Scotia, Kanada, waliobeba mti wa familia yao uliofunikwa plastiki ngumu, wenye babu aliyeshuka bandari ya Pictou na meli ya Hector mwaka 1773. Kulikuwa na Waaustralia. Kulikuwa na Mmarekani aliyepima mate yake maabara, na anakutajia asilimia kabla ya kukutajia jina. Zumari zikilia, wanatoa vitambaa wanafuta macho, wakati huo huo fundi bomba na wenzake, ambao hawajawahi kuhama, wanagombania zamu kwenye bia. Nikakumbuka mikutano yetu ya Wakenya pale Glasgow. Anayepiga meza kwa ajili ya barabara ya Murang'a siku zote ni yule ambaye hajaikanyaga tangu iwekwe lami.

Mzee naye hakuwa anachoka. Alinipa historia yote ya tartani, kile kitambaa cha mirabaraba cha koo. Baada ya vita vya Culloden, Aprili 16, 1746, ambako jeshi la serikali liliwashinda waasi wa Nyanda za Juu, serikali ya London iliamua kuuvunja mgongo wa koo hizi, na kuanzia 1747 mwanamume wa Nyanda za Juu akikutwa na kilti, kama si askari, alikuwa anakwenda jela miezi sita, na akirudia anapelekwa ng'ambo miaka saba. Sheria ile ilifutwa 1782. Halafu mwaka 1822 Mfalme George IV akaja Edinburgh, mnene, amevaa kilti fupi juu ya soksi za kubana za rangi ya ngozi, na mwandishi Walter Scott akiwa ndiye mpanga sherehe akawataka wakubwa wote waje na tartani za koo zao. Wengi hawakuwa nazo. Mafundi wa kufuma walifanya kazi usiku na mchana. "Kwa hiyo hii ya kwetu," nikamuuliza, nikiishika ile skafu niliyotandikwa begani, "ni ya zamani kiasi gani?" Akasema ni nzuri sana, hasa hii mistari ya kijani.

Sikumlaumu. Siku hizi kuna daftari la taifa la tartani, lilianzishwa kwa sheria ya 2008, na mtu yeyote mwenye mchoro mpya anaruhusiwa kuomba kuuandikisha. Masingasinga wa Uskoti wana tartani yao. Nilianza kuwaza ya Ethaga, ya kijivu tupu.

Mvua ilipopungua, chifu akaingia. Mimi nilikuwa nangoja jitu lenye ndevu. Akaja mama wa makamo amevaa gambuti, manyoya matatu kofiani, mbwa mweusi nyuma yake, anasalimia kila mtu kwa mkono wenye tope. Zamani mababu zake walikuwa na mahakama zao na uwezo wa kumfunga mtu na hata kumnyonga; haki hizo ziliondolewa baada ya Culloden, na sasa madaraka yake makubwa siku ile yalikuwa kukata utepe wa mashindano ya keki. Lakini nilivyoona watu walivyojipanga kumsalimu, nilielewa kwamba hawakuwa wanamwogopa wala hawakuwa wanamwomba kitu. Walitaka awajue kwa majina. Na yeye anayajua, au anajitahidi. "MacHaria," akasema alipofika kwangu, bila kupepesa. "Wewe una uzito gani?"

Swali hilo halikuwa la mazungumzo.

Timu ya ukoo ya kuvuta kamba ilikuwa inahitaji watu wanane na ilikuwa na saba. Wa nane, yule bwana wa Nova Scotia, alikuwa amejinyoosha ili kupasha misuli moto, mgongo ukamkaza pale pale, na sasa alikuwa amelazwa juu ya viti vitatu anatazama dari la hema. Wapinzani walikuwa ukoo wa bonde la jirani, ambao wetu (tayari nilikuwa nasema wetu) waliibiana nao ng'ombe kwa miaka mia kadhaa, na suala la nani alianza bado halijafungwa. Chifu alinitazama, wote wakanitazama. Nimewahi kuona macho yale nyumbani, wakati jeneza limefika na wanahesabu vijana wa kulibeba. Hapo hakuna anayeuliza mti wa familia.

Tatizo likawa mavazi. Anayeuvutia ukoo kamba anavaa kilti. Nikaazimwa ile ya mgonjwa. Kilti moja ni kitambaa cha sufu cha yadi nane hivi, na ile ilishonewa kiuno kilichokula vizuri Kanada nzima. Vikanda vyake vilifungwa mpaka tundu la mwisho na bado mtu mwingine alikuwa anaweza kuingia tukae wote. Wanaume wawili wakanikaza mkanda wa ngozi kwa juu, mmoja ameniwekea goti mgongoni. Kisha mmoja wao akaninong'oneza kwamba desturi ni kutovaa kitu chini.

Mimi nimelelewa PCEA. Bukta yangu niliibakiza.

Bukta hiyo ina historia yake. Niliinunua Gikomba kabla ya safari, kwa bei ya chapati mbili na maharagwe. Ni mtumba safi, nyeupe, kitambaa cha kupumua. Kuna Mwingereza mahali fulani aliitoa sadaka, ikafungwa robota, ikapanda meli mpaka Mombasa, ikafika Nairobi, nami nikairudisha Uingereza ndani ya sanduku langu. Pajani ina simba watatu. Nyuma, makalioni, kutoka ukingo hadi ukingo, imeandikwa kwa herufi kubwa za bluu: ENGLAND. Gikomba, mtu akiinama kuchagua bukta, huangalia kama imechanika. Hafikirii Bannockburn, vile vita ambavyo Waskoti waliwachapa Waingereza.

Tukaingia uwanjani. Kwa sababu ya uzito wangu niliwekwa mkiani, nafasi ya nanga, ambapo kamba hupitishwa chini ya kwapa, ikazunguka mgongo, ikashukia bega la pili. Maana yake, wengine wakizidiwa huachia. Nanga haachii, maana yeye na kamba ni kitu kimoja. Mwamuzi akanyoosha mikono. Fundi bomba alikuwa ametoka kwenye hema la bia na simu yake ameiinua juu, kwa uaminifu wa jirani mwema.

"Vuta!"

Kwa muda tuliwaweza. Nilichimba visigino, nikalalia nyuma, nikaita jina la babu. Halafu mtu wa tatu wetu akateleza, akamwangusha wa nne, wa nne akawaangusha waliobaki, na ghafla upande wetu wa kamba ukawa na mtu mmoja, naye hakuwa na namna ya kutoka. Nilipaa. Nilitua kifudifudi kwenye tope na nikaanza kusafiri. Kilti ilikuwa imenyonya mvua yote ya Perthshire, nzito kuliko mbuzi, imenasa kwenye matope, na ule mkanda ulikuwa umechoka kujifanya unanitosha. Mimi nilikwenda. Kilti ilibaki.

Nilikuwa nateleza kwa tumbo, uso chini, na kile kilichoangalia juu kilikuwa makalio yangu na maandishi yake. Uwanja ukanyamaza. Hata zumari moja iliyokuwa inalia mbali ilikatika katikati ya noti. Ndipo mtangazaji, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anaingoja nafasi hiyo maisha yake yote, akasema kwenye kipaza sauti:

"Mabibi na mabwana, tangu Bannockburn mwaka 1314 sijaona England ikiburutwa namna hii."

Siwezi kueleza kelele iliyofuata. Wazee walishikana. Mtoto mmoja alibebwa akiwa analia kwa sababu mama yake alikuwa anacheka vibaya. Nilipojiinua, nimepakwa tope kuanzia nyusi hadi magoti, simba watatu wanachungulia pajani, mwamuzi alinijia akauliza kama naweza kuendelea, kwa kuwa mvuto ni mara tatu na tulikuwa tumepoteza mmoja tu. Nikatazama kilti. Ilikuwa imezama. Mke wa mgonjwa alikuwa ameipigia magoti, anaitoa kwa mikono miwili. Nikasema tuendelee.

Mvuto wa pili tulishinda. Ningependa kusema ni kwa nguvu. Wapinzani walisimama kwenye nafasi zao, wakashika kamba, wakainua macho, wakaniona mimi mkiani na bukta yangu, na mtu wao wa kwanza akaanza kutetemeka mabega. Mwamuzi aliposema vuta, yule jamaa alikuwa tayari amepiga goti, machozi yanamtoka, na mwenzake wa nyuma alikuwa anamwomba anyamaze huku naye akilia. Tuliwavuta wote wanane kwa mkupuo mmoja, wanacheka njia nzima. Mvuto wa tatu walifumba macho, wakatushinda kihalali.

Chifu alinikuta pembeni nikiwa natetemeka kwa baridi. Akavua blanketi ya tartani kutoka kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, akanifunika mabegani kwa mikono yake. Ilikuwa na manyoya mengi ya mbwa na harufu yake pia. "MacHaria," akasema, "kilti ilikuacha, lakini wewe kamba hukuiacha." Mbwa alinitazama kwa chuki kubwa, maana alijua blanketi ni ya nani.

Video ilifika Murang'a kabla sijafika Glasgow. Fundi bomba aliiweka mtandaoni, binamu yangu mmoja aliye Leicester akaiona, na ikaingia kundi la WhatsApp la familia. Mama ndiye aliyetangulia kupiga. Nilikuwa nimejiandaa kujieleza kuhusu bukta. Hakuigusa. Sketi pia aliipita.

"Baba," akasema, "hayo magoti. Mafuta ya kupaka yamekwisha huko Ulaya?"

Nilimwambia lile ni tope. Akasema tope analijua, na kijivu cha kutopaka mafuta anakijua.

Baba mdogo alipiga usiku. Yeye ndiye mwenye faili za kesi za mashamba za mbari yetu, na huwa hana salamu ndefu. Alikuwa amesikia nimeingia ukoo mwingine. Alitaka kujua jambo moja: walichinja mbuzi? Kwetu mgeni anaweza kuingizwa katika mbari, si ajabu, lakini lazima azaliwe upya kwa mbuzi, watu wale, washuhudie, iwe imekwisha. Bila mbuzi huyo ni mpangaji.

"Walichukua kwa kadi," nikamwambia.

Kimya.

Nikajaribu kumtuliza kwa habari za Fraser na unga wa oti. Akauliza, mimi nimepewa unga? Nikasema nimepewa biskuti. Nikamsikia akimweleza mtu mwingine chumbani: "Biskuti."

Halafu akauliza alichokuwa anakitaka tangu mwanzo. "Huyo chifu wenu ana ekari ngapi?"

Nikamweleza nilivyoelezwa. Kwamba watu wa ukoo walikuwa wanaamini ardhi ni ya wote na chifu ni msimamizi, lakini hati zilikuwa kwa jina la chifu. Kwamba baada ya Culloden nguvu za uchifu zilipoondolewa, wengi walibaki na ardhi na madeni, wakaona kondoo wanalipa kuliko ndugu. Kwamba kule Sutherland, mwanzoni mwa karne ya 19, maelfu ya watu waliondolewa mabondeni na nyumba zikachomwa moto ili wasirudi, na ndiyo sababu moja ya Kanada na Australia kujaa watu wenye mti wa familia mkobani.

"Ngoja," baba mdogo akasema. "Chifu aliwafukuza watu wa ukoo wake mwenyewe?"

"Baadhi yao, ndiyo."

"Na hati ilikuwa kwa jina lake?"

"Kwa jina lake."

Akacheka kicheko kirefu, cha mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Kwetu Murang'a na Kiambu, machifu wa enzi za mkoloni na hati zao wanasimuliwa mpaka leo kwenye korido za mahakama, na baba mdogo korido hizo amezikalia ujana wake wote. "Basi hao ni watu wetu," akasema. "Kaa nao. Lakini waambie habari ya mbuzi."

Sijawaambia bado. Ila wiki hii nimepata barua ya mama wa daftari, bahasha nzito, imeandikwa MacHaria kwa mkono mzuri. Ananialika kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Ananifahamisha kwamba bwana wa Nova Scotia amepona na kilti imekwenda kwa dobi mara mbili. Tena kamati, chini ya uenyekiti wa chifu, imepitisha bila kupingwa kwamba kuanzia Agosti ijayo kila mvuta kamba atavaa ndani bukta rasmi ya tartani ya ukoo, iwe na nembo pajani, na nyuma isiwe na maandishi ya aina yoyote. Gharama yake itaongezwa kwenye ada. Nilipiga picha barua hiyo nikaituma kwenye kundi la familia, na baba mdogo alijibu palepale. Ameagiza mbili, saizi kubwa.